Aliyevunja Mashine ya Mama Goreti

Zaina mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda Jabe kuagana na shangazi zako, na mimi nimefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawajalizoea. Wawili wamekwisha gonga mlango. Nimenyamaza kama mwizi. Nimefagia mara mbili, nimepanga bisibisi kwa urefu, nikazivuruga, nikazipanga tena. Nimempigia yule kijana wa basi kumuuliza kama wamepata mafuta ya kuwafikisha mpakani Kobero, akanijibu kwa upole kwamba swali hilo nimemuuliza asubuhi.

Mambo ya safari mama yako amekueleza yote. Pasipoti uiweke wapi, dawa za tumbo, nani umpigie ukivuka mpaka. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja ambalo mama yako hawezi kukueleza, kwa sababu hata yeye halijui. Wiki hii nimejaribu mara nne kukuambia kwa mdomo. Jumapili ulikuwa unakula, nikasema, "Zaina, yule Fundi Abuu," ukainua uso, nikaishia kusema, "Umpe salamu." Kalamu haiwezi kuniinulia uso, basi naandika.

Fundi Abuu, huyo unayekwenda kufanya kazi kwake Dar es Salaam, mimi namfahamu. Jina lake alilopewa na wazazi wake ni Issa. Ni yule Issa ambaye nimekuambia tangu una miaka tisa kwamba aliiharibu mashine ya Mama Goreti.

Hakuiharibu yeye. Niliiharibu mimi.

Nimesimama baada ya kuandika hayo. Nimekwenda hadi dirishani nikarudi. Sasa nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajikuta najitetea.

Tulikuwa vijana wawili wa Buyenzi, Issa na mimi, tumekaa benchi moja katika duka la kutengeneza redio na televisheni kule mtaa wa Asiatique. Patroni wetu, mwenye duka, alikuwa mtu mkimya mwenye miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kuchomea nyaya kwa risasi, na alijua kosa la fundi kwa kunusa tu. Issa alinitangulia kazini mwaka mmoja. Alikuwa mtu wa polepole. Kabla hajagusa kitu alichukua karatasi, akachora kila waya ulipo na kila parafujo inakotoka. Niliicheka sana ile karatasi. Mimi nilikuwa mwepesi. Wateja walinipenda kwa wepesi wangu, na mimi nilijipenda kwa wepesi huo huo.

Mama Goreti alikuwa mjane wa Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Aliishi kwa kuwapigia wanafunzi memwari zao, yale maandiko ya kumalizia masomo. Ile mashine unaijua kuliko mimi: kibodi na ubongo katika kisanduku kimoja, unaiunganisha na televisheni, iliyotengenezwa zaidi kwa michezo ya watoto wa Ulaya. Aliachiwa na familia ya mwalimu mgeni aliyekuwa jirani yake. Ndani mtu alikuwa ameweka kadi ya kuifanya ijifanye kompyuta ya ofisi. Lakini kadi yenyewe ilikuwa dhaifu. Ukiandika mstari, unakaa kungoja herufi zije. Na wanafunzi walianza kumletea disketi kutoka kompyuta za maofisini, zenye programu mpya ambazo kadi ile ilishindwa kuzifungua. Walikuwa wanageuka na kwenda kwa wengine.

Basi mtoto wa dada yake aliyekuwa Ubelgiji akamtumia kadi nyingine, yenye ubongo wenye nguvu na kumbukumbu kubwa zaidi. Mama Goreti alituletea dukani ikiwa imefungwa ndani ya kitenge kama kitoto kichanga.

"Muniwekee hii," akasema. "Lakini musikae nayo siku nyingi. Niko na wanafunzi wananingojea. Mashine ikilala huku, watanikimbia."

Issa aliisoma karatasi iliyokuja na kadi mara mbili. Akasema mambo mawili. La kwanza, transfo ya zamani, ile ya kupitishia umeme, haitatosha, kadi mpya inakula umeme mwingi. La pili, ile chipu kubwa ya mashine lazima ing'olewe kwa kifaa chake, kwa sababu ina miguu sitini na minne na imekaa kwenye soketi miaka mingi. Ikitoka, kadi ndiyo inaingia mahali pake, na chipu inapanda juu ya kadi. "Tungoje wiki moja," akasema. "Mi nitatafuta transfo."

Mimi nikamwambia Mama Goreti aje kesho jioni. Nilisema hivyo Issa akiwa amesimama hapo hapo.

Kesho yake mchana Issa alikwenda kuswali, na kutoka msikitini akampeleka mama yake dispensari. Patroni alikuwa kwenye chumba cha nyuma na mteja. Nikafungua mashine. Nikaingiza bisibisi chini ya chipu, upande mmoja, nikanyanyua. Wewe unajua kinachofuata. Upande mmoja ulitoka, wa pili ukabaki, na miguu ikapinda. Niliinyoosha kwa koleo, nikaikandamiza chipu juu ya kadi mpya kwa kidole gumba mpaka nikasikia mlio mdogo, kama mfupa wa kuku. Nikajiambia, imekaa. Kumbe ni mguu mmoja uliokuwa umekunjika chini kwa chini, unagusa wa jirani. Sikuuona kwa sababu sikuutafuta. Nikachomeka transfo ile ile ya zamani.

Mashine iliwaka. Hilo pia nataka ulijue. Kwa muda mfupi nilikuwa fundi mkubwa kuliko wote Bujumbura. Maandishi yalitokea kwenye televisheni, ikaanza kuhesabu kumbukumbu yake, namba zinapanda, nami ninacheka peke yangu. Halafu namba zikasimama. Halafu ikaja harufu.

Nilichomoa waya. Kadi ilikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu, na ile diski ndogo ya ndani, ambamo Mama Goreti alikuwa ameweka memwari tatu ambazo hazijatolewa kwenye karatasi, haikuzunguka tena. Nikafunika mashine. Nikaisukuma hadi upande wa Issa wa benchi, juu ya karatasi yake ya michoro, nikatoka kwenda kunywa chai. Hiyo chai niliikoroga mpaka ikapoa.

Niliporudi, patroni alikuwa ameshaifungua. Issa naye alikuwa amerudi, amesimama na mfuko wa dawa za mama yake mkononi.

"Nani alifungua hii mashine?" patroni akauliza.

Issa alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja tu, kama unavyomngoja mwenzako amalize kufunga kiatu.

"Mi sijui, patroni," nikasema. "Njo kazi ya Issa. Karatasi yake iko hapo chini."

"Bakari," Issa akasema. "Sema."

Nikasema nimeshasema.

Patroni akamgeukia. "We njo ulituambia transfo haitoshi. Sasa kwa nini uliichomeka?"

"Sikuichomeka."

"Nani basi?"

Issa akauweka chini mfuko wa dawa. Mpaka leo sijui kwa nini hakulitaja jina langu. Nimewaza sababu nyingi na zote zinanipendeza mimi, kwa hiyo siziamini. Patroni akamwambia achukue vyombo vyake. Alivikusanya kwa mpangilio, polepole, kama alivyofanya kila kitu. Chuma cha kuchomea kilikuwa bado cha moto kwa sababu nilikitumia mimi. Alisimama pale mlangoni akakingoja kipoe ndipo akakitia mfukoni.

Jioni Mama Goreti alikuja. Hakuna aliyenituma kumweleza. Nilijipeleka mwenyewe. Nikamwambia Issa ameunguza mashine, na kwamba mimi nimejaribu kuiokoa. Akanishika mkono. "Asante, mwanangu," akasema. "We angalau ulijaribu." Akarudi kwenye mashine yake ya kuchapa, akazipiga upya zile memwari tatu kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi. Wawili hawakuwahi kikao cha kuzitetea, wakangoja mwaka mzima. Yeye mashine aliiacha dukani. Hakutaka kuiona tena.

Baadaye vikaja vita, na ndugu zake Issa wakatawanyika. Niliambiwa yeye yuko Uvira, Kongo. Mwingine akaniambia amekufa njiani, mwingine akasema amemwona Kigoma. Kila habari nilikuwa naipokea kwa masikio mawili, moja linaombea awe hai na jingine linaogopa asirudi. Patroni alipoondoka nchini aliniachia benchi na vyombo. Ndivyo duka hili lilivyoanza. Unaponisifu mbele ya wenzako kwamba nimejitengeneza mwenyewe, huwa natafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Mama Goreti niliendelea kukutana naye. Alikuwa ananisalimu vizuri sana, ananiuliza habari za nyumbani, na ulipozaliwa alikuletea kofia ya sufi. Siku moja niliamua. Nilipanda hadi Mutanga Sud, nikafika kwenye geti lake, nikamsikia ndani anapiga mashine, tak tak tak, kengele, tak tak tak. Nilisimama hapo mpaka jirani akaniuliza kama nimepotea. Nikasema ndiyo. Miaka miwili baadaye tulimzika. Nilisimama nyuma ya watu wote.

Sasa nifike kwako.

Ulikuwa na miaka tisa ulipoikuta mashine ile chini ya rafu. Uliifungua, ukachukua bisibisi ukaiingiza chini ya chipu, upande mmoja. Nilikupiga mkononi. Ulilia, si kwa maumivu, kwa mshangao, kwa kuwa sikuwahi kukupiga. Ukaniuliza, "Papa, nimefanya nini?" Ningeweza kukuambia umefanya nilichofanya mimi. Nikakuambia, "Hivyo njo alifanya fundi mmoja muzembe, anaitwa Issa. Akaharibu kazi ya mwanamke mjane." Nikakuonyesha na ule mguu uliokunjika. Halafu nikachukua karatasi, nikakufundisha kuchora kila kitu kabla ya kukigusa, nikijifanya ni hekima yangu.

Uongo wa kwanza nilikuwa na miaka ishirini na naogopa kufukuzwa. Huu wa pili nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, naongea na mtoto wangu, na hakuna aliyenitisha. Nadhani huo ndio mbaya zaidi. Nimekaa hapa naupima, na kila nikiupima nakuta umeongezeka.

Mwaka jana, ulipoanza kuifufua mashine, nilikuona unafurahi nikashindwa kukuzuia. Ulipata michoro ya kadi mpya kwa watu wa mbali wanaopenda mashine za zamani, ukaagiza kibao kitupu cha kadi, ukakichomea sehemu moja moja kwa miezi. Ulitafuta transfo inayotosha kabla ya kuchomeka chochote. Kile kifaa cha kung'olea chipu ulikikunja mwenyewe kutoka kwenye kipande cha bati. Na ule mguu uliunyoosha kwa ncha ya sindano, umeshikilia pumzi, nami nimesimama nyuma yako natoka jasho. Ilipowaka na ikahesabu kumbukumbu yake mpaka mwisho, bila kusimama, ulinirukia shingoni. Uliona machozi yangu ukafikiri ni ya furaha.

Ukapiga video, ukaeleza ulivyounyoosha ule mguu, ukaigeuza mashine ili watu waone chini yake, palipoandikwa kwa kalamu, Goreti, Mutanga Sud. Ukaituma huko kwenye mtandao.

Unakumbuka ulivyoingia dukani umeshika simu. "Papa, kuna fundi mmoja mukubwa wa Dar, anaitwa Fundi Abuu. Anatengeneza vyombo vya hospitali. Anasema kazi yangu ni nzuri. Anauliza ule mguu nani aliukunja."

"Umemjibu nini?"

"Nimemuambia ni fundi muzembe wa zamani, Issa. Nimemuambia papa njo alinieleza."

"Akasemaje?"

"Amesema sawa. Halafu ameuliza jina lako."

Ulikuwa unacheka. Ukanionyesha maneno yake kwenye simu. Sawa. Hakuandika zaidi ya hilo. Siku tatu hakuandika tena, na wewe ulidhani amekusahau. Mimi siku hizo tatu niliunguza redio ya mtu, nikasahau jina la mteja niliyemjua tangu utotoni. Siku ya nne akakuandikia kwamba ana nafasi katika karakana yake.

Mimi alinipigia Ijumaa, baada ya swala. Kiswahili chake kimekuwa cha Dar kabisa, cha kunyoosha.

"Habari za siku nyingi, Bakari."

Nilimtambua kwa jinsi alivyonyamaza baada ya hapo.

"Binti yako ana mikono," akasema. "Na anachora kabla ya kufungua. Nani kamfundisha?"

"Mimi," nikasema. Halafu nikasema, "Wewe."

"Namchukua kwa kazi yake. Tuelewane hapo. Si kwa ajili yako."

"Issa, nisamehe."

Nilisikia watu wakifanya kazi nyuma yake, chuma kinagongwa. Akaniuliza, "Goreti yuko hai?"

"Alikufa."

"Alikufa anajua?"

"Apana."

Hapo Kiswahili cha Dar kikamtoka, akaongea kama tulivyokuwa tunaongea vijana, Buyenzi. "Mutoto akuje," akasema. "Lakini akuje anajua. Na we, usikuje." Akakata.

Ndiyo sababu nimekataa kukusindikiza hadi Dar, mama yako akanuna, nikasingizia mgongo. Mgongo wangu mzima.

Zaina, sikuandikii ili uniombee msamaha kwake. Usifanye hivyo, tafadhali. Usimpelekee salamu zangu, usimweleze kwamba nimezeeka au kwamba nilikuwa mtoto. Neno moja tu ndilo lako katika haya yote, lile la uzembe ulilomwandikia bila kujua, na hilo utajua mwenyewe ulifanyeje. Labda hataligusa. Labda siku nyingine atakuwa mkali kwako kuliko kosa ulilofanya, na wewe utajua ukali mwingine unatoka wapi, utaamua kama utaubeba au utamwambia basi. Una haki ya kumwambia basi. Sikukuzaa ulipie.

Na siku utakayounguza kitu kwake, maana utaunguza, hata yeye ameunguza, nenda umwambie kabla harufu haijamfikia. Usingoje kuulizwa. Mimi nilidhani kama patroni asingeniuliza ningesema mwenyewe baadaye, jioni, kesho. Si kweli. Kila saa niliyongoja ilifanya neno lile lile liwe zito kulibeba, na bado halijawa jepesi. Unaona mwandiko wangu.

Kuna kitu kingine, na nakiandika haraka kabla sijakifuta. Usidhani kwamba nilikuwa mtu mwema siku nyingine zote na mbaya siku hiyo moja. Nilikuwa mtu yule yule. Nilikuwa yule yule nilipokubeba mabegani kwenda shule wakati wa mafuriko, na ndiye huyu huyu aliyesimama getini kwa Mama Goreti akarudi. Nimejaribu kuwatenganisha nimeshindwa. Ukinikasirikia, usimkasirikie mmoja ukamwacha mwingine.

Barua hii nilipanga kuisukuma chini ya nguo zako, uisome ukiwa umeshavuka Kobero, mahali ambapo huwezi kurudi kuniangalia. Nimeifikiria mipango hiyo wakati naandika, na nimeona ni uoga ule ule, safari hii ukiwa na begi. Kwa hiyo nitakupa mkononi mkirudi. Nitakuomba uisome kwa sauti, ili mama yako asikie na yeye, maana kofia ile ya sufi aliihifadhi yeye na ana haki ya kujua nilimfanyia nini aliyeileta.

Nitakaa kwenye kigoda mbele yenu mpaka umalize. Niulizeni chochote, nitajibu. Na kesho asubuhi, kama hutaki niwe kwenye kituo cha basi, mama yako atakubebea begi, nami nitabaki nyumbani.

Papa yako,
Bakari